Anayelipa Ndiye Anayechagua Swali: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Kilimo na Fedha Zanzibar

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya kilimo, uchumi wa buluu na fedha, na Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, Chukwani.

Assalaam alaykum.

Nimeiandika barua hii mapema kwa makusudi. Makadirio ya wizara yakishafika mezani mwa Baraza, mwananchi hana tena la kufanya ila kusikiliza redio. Mambo yenyewe huwa yameshapangwa miezi ya nyuma, ofisini, kasma kwa kasma, yaani fungu kwa fungu la bajeti, na huko ndiko ninakotaka maneno yangu yafike.

Nilikuwa bibi shamba Kaskazini Pemba mpaka nilipostaafu. Sasa nina vigingi na kamba zangu za mwani pwani ya Micheweni, na kipande cha muhogo nyuma ya nyumba. Siombi pembejeo, wala mashua, wala semina nyengine ya siku mbili yenye soda na daftari. Naomba jambo ambalo halina utepe wa kukata wala picha ya kupiga: fedha zetu wenyewe za utafiti wa kilimo, na wanawake ndani ya utafiti huo tangu siku ya kuamua kitafitiwe nini.

Mambo haya mawili mara nyingi husemwa mbalimbali. Fedha za utafiti huzungumzwa na watu wa mipango. Wanawake huzungumzwa Machi 8. Mimi nayaona ni jambo moja, kwa sababu nimeona namna swali la utafiti linavyozaliwa. Anayelipa ndiye anayechagua swali. Mradi ukija na fedha zake huja na swali lake, limeandikwa mbali na kupitishwa na watu ambao hawajapata kutia mguu Micheweni wala Makunduchi, na mtafiti wetu huajiriwa kulijibu. Simlaumu, maana hana mafuta ya gari ya kumpeleka kwengine. Mradi ukisha, gari hurudishwa, vibarua huagwa, ripoti hufungiwa kabatini, na mkulima aliyekuwa na swali lake hubaki nalo.

Sisemi fedha za nje hazina faida. Unguja walikuwa na mbung'o, na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mdudu huyo, ilikuwa ikiwamaliza ng'ombe wao. Kati ya mwaka 1994 na 1997, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, madume ya mbung'o yaliyofanywa tasa yalizalishwa Tanga na kumwagwa kutoka angani wiki baada ya wiki, zaidi ya milioni 8 kwa jumla, mpaka majike yakakosa wa kuwapa mbegu. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Sisi Pemba mdudu huyo hatukuwa naye, lakini tulifurahi kama jirani anavyofurahi. Tulibahatika: swali letu na la mfadhili lilikutana. Na tazameni lililofanya ikafaulu. Kazi haikukatwa katikati. Laiti ndege ingesimama mwezi mmoja kungoja fungu la fedha, mbung'o wangerudi kuzaana na mamilioni yote yale yangekuwa yamepotea bure.

Tukingojea bahati kama hiyo kwa kila zao, tutangoja sana.

Hesabu za bara letu mnazijua, lakini nazitaja ili zisomwe na wengine. Wakuu wa nchi walikubaliana Maputo mwaka 2003 kwamba asilimia 10 ya bajeti iende kwenye kilimo, wakalirudia Malabo mwaka 2014, na Januari 2025 wakakutana Kampala kupanga miaka kumi myengine. Kwa upande wa utafiti, kipimo kilichowekwa ni angalau asilimia 1 ya pato litokanalo na kilimo. ASTI, mpango wa IFPRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula) unaofuatilia fedha na wataalamu wa utafiti wa kilimo, ulionyesha kwamba nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa kwenye asilimia 0.59 mwaka 2000, na kufika 2016 zimeshuka hadi 0.39. Yaani katika kila shilingi 100 ambazo kilimo kinaziingiza, utafiti unapata senti 39. Fedha za utafiti ziliongezeka kidogo, lakini kilimo kilikua kwa kasi zaidi, na utafiti ukaachwa nyuma ukikokota miguu. Na sehemu kubwa ya hizo kidogo, katika nchi nyingi, huishia kwenye mishahara. Kinachobaki kwa shamba la majaribio, maabara na safari za kwenda kwa mkulima hutegemea mfadhili.

Upande wa wanawake nao ulihesabiwa. Mwaka 2008 ASTI walishirikiana na AWARD, mpango wenye makao Nairobi wa kuwaendeleza wanawake watafiti wa kilimo, wakapita taasisi 125 katika nchi 15. Walikuta mtafiti mmoja kati ya wanne ni mwanamke. Kwenye uongozi, mmoja kati ya saba. Kwa hiyo kwenye chumba ambacho maswali yanachaguliwa, mara nyingi mwanamke ni yule anayeandika muhtasari wa kikao.

Sasa niwaambie hili linaonekanaje ukilitazama kwa karibu.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye muhogo uliandikwa na wataalamu wa Amani, Tanga, mwaka 1936. Mbegu za kwanza zenye kuuhimili kutolewa rasmi hapa Zanzibar, kutokana na kazi ya watafiti wetu wa kituo cha Kizimbani, Unguja, pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, zilitoka mwaka 2007: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. (Yote majina ya Unguja. Sisi wa Pemba tuliliona hilo, tukanyamaza.) Ni miaka 71 tangu ugonjwa kuandikwa mpaka mkulima wa visiwani kupewa kipando. Sitaki kumdharau aliyeifanya kazi ile. Ni kazi kubwa na muhogo wenyewe nimeusambaza kwa mikono yangu. Lakini ungekuwa ugonjwa wa zao linaloingiza kodi, sidhani kama tungesubiri umri wa mtu mzima.

Nilipokuwa kazini niliwahi kuhudhuria jaribio la mbegu za muhogo, sitaji la nani wala mwaka gani. Fomu ilikuwa nzuri: urefu wa mti, idadi ya mizizi kwa shina, uzito, dalili za ugonjwa kwenye jani na kwenye mzizi uliokatwa. Ladha ilikuwa mstari mmoja chini kabisa, "nzuri, wastani, mbaya". Wanawake wa shehia wakaitwa siku ya mwisho kuja kupika. Wakaumenya, wakauchemsha kwa chumvi, wakauepua. Mmoja akachukua kipande akakiminya kwa vidole kabla hata hajakitia mdomoni, akakirudisha kwenye sinia bila ya kusema kitu, na wenzake wakaacha kutia mkono. Umevia. Muhogo uliokuwa ukiongoza kwa uzito, haukupata hata mgonjwa mmoja shambani, ulikuwa hauivi. Muhogo wa namna hiyo hauwekwi kwenye futari, hautiwi nazi, na sokoni mnunuzi akishauziwa mara moja harudi. Mwandishi wa fomu akatia alama kwenye "wastani" kwa sababu uzito ulikuwa umeshamfurahisha.

Wale wanawake wangeulizwa mwanzo, wangesema wanataka muhogo unaoiva kwa kuni chache, usio na nyuzi, unaokaa ardhini bila ya kuharibika ili wauchimbe kidogo kidogo Ramadhani nzima. Hayo nayo yanapimika. Muda wa kuiva unapimwa kwa saa, nyuzi zinapimwa, kukaa ardhini kunapimwa. Ni sayansi kama sayansi nyengine, ila hakuna aliyelipa ipimwe.

Nakuja kwenye mwani, na hapa mnistahamilie.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza visiwani mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, ingawa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshaanza kuusomea mwani wa pwani zetu tangu kabla ya hapo. Ni kazi ya wanawake. Wanaume waliingia mwanzoni, wakaona bei, wakarudi kwenye uvuvi na utalii. Sisi tukabaki, kwa sababu fedha ya mwani humfika mwanamke mkononi mwake mwenyewe, na kwa nyumba nyingi za Paje, Jambiani, Makangale na Tumbe hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kuna mwani mwembamba na kuna mwani mnene. Mnene ndio wenye bei; mnunuzi huulipa kwa kiasi cha mara mbili. Kuanzia miaka ya 2000 mwani mnene ulianza kufa Unguja. Maji ya kwenye vina vidogo yalikuwa yakipata joto kupita kiasi, mwani ukaingia weupe kwenye matawi, ukavunjika, ukaota uchafu juu yake, na asubuhi unakuta kamba tupu. Sehemu nyingi wakauacha kabisa wakabaki na mwembamba. Huku Pemba umebaki baadhi ya mahali, lakini hauko salama. Na mbegu yenyewe ni ile ile: tunakata tawi, tunafunga kwenye taitai, vile vikamba vidogo, linakua, tunakata tena. Mwani haupandwi kwa punje. Ni kama mmea mmoja uliokatwa na kukatwa tena tangu mwaka 1989, na ugonjwa unaoupata mmoja unaweza kuwapata wote.

Mtu aliyelishika swali la wanawake hapa alikuwa mwanamke. Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alihangaika na swali ambalo mkulima yeyote wa mwani angemuuliza: kama maji ya kina kidogo yana joto, tunaupelekaje mwani mnene kwenye kina kirefu? Akajaribu nyavu zilizoshonwa kama mabomba, mwani ukawekwa ndani usikatwe na mawimbi. Na papo hapo likazuka swali la pili, ambalo halimo kwenye kitabu cha botania: wanawake wengi wa pwani hatujui kuogelea. Bahari tunaijua mpaka kifuani. Mbinu ya kina kirefu bila ya mashua, bila ya kufundishwa kuogelea, bila ya kufikiria mwanamke aliyevaa nguo zake za stara atapandaje chomboni akiwa amelowa na mzigo, ni mbinu ya kumrudishia mwanamume zao la mwanamke. Mtafiti aliyekaa na wanawake analiona hilo siku ya kwanza. Ambaye hakukaa nao anaweza kumaliza mradi wake, akaandika kwamba mbinu imefanikiwa, na akawa hakudanganya.

Yeye huyo huyo aliusukuma pia usindikaji, tangu 2006, wanawake wakajifunza kusaga mwani, kutengeneza sabuni na vyakula. Mtafiti mmoja. Mimi najiuliza tungekuwa nao kumi tungekuwa wapi, na kwa nini hatunao.

Serikali imejenga kiwanda cha mwani Chamanangwe, hapa Pemba. Ni jambo jema, nimelipigia makofi. Lakini kiwanda kinakula mwani, hakioteshi. Nani ana kasma ya kutafuta mbegu inayovumilia joto? Nani anautazama mwani wa asili unaoota wenyewe kwenye miamba yetu, kujua kama humo mna damu mpya? Nani anapima maumivu ya mgongo, macho mekundu na vipele vya sisi tunaoinama majini tangu maji yanatoka mpaka yanajaa? Karafuu ina shirika la Serikali la kuinunua, ZSTC, ina sheria yake ya mwaka 2014, bei yake inatangazwa kila mtu akasikia. Na inastahiki, mimi ni Mpemba siwezi kusema vyengine. Mwani unaoleta fedha za kigeni baada yake umeachiwa miradi.

Kuhusu mabinti wenyewe. Wapo. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wana skuli ya kilimo pale Kizimbani, na wasichana wanaingia na wanatoka na shahada. Kinachotokea baada ya hapo ndicho cha kutazamwa. Shahada ya kwanza inampa cheo cha msaidizi. Kuwa mtafiti anayeandika mradi na kuuongoza kunahitaji uzamili na uzamivu, na hiyo hufika katika umri ule ule wa kuolewa na kuzaa. Nilimfahamu binti mmoja, hodari, mkono wake wa kupandikiza ulikuwa mwepesi kuliko wa mabosi zake. Nafasi ya kusoma ng'ambo ilimjia akiwa na mtoto mchanga. Aliomba aende mwaka unaofuata, akaambiwa nafasi haisubiri. Akaenda mwengine. Binti yuko dukani kwa mumewe sasa anauza simu, na hesabu zake hazikosei. Hakuna aliyemfukuza, na kwa hiyo hakuna kitabu kilichomwandika kwamba alipotea.

Hayo hayahitaji falsafa. Nafasi ya masomo iweze kuahirishwa kwa uzazi. Posho iweze kumchukua na mtoto. Kituo cha utafiti kama Matangatuani, huku Pemba, kiwe na chumba cha kulala cha wanawake chenye mlango unaofungika na choo chao, kwa sababu sampuli nyengine huchukuliwa alfajiri, na baba wa binti ana haki ya kuuliza mwanawe amelala wapi. Gari la shamba liende na ratiba, si kwa yule mwenye pikipiki yake tu. Ni vitu vya bei ndogo. Vinakosekana kwa sababu anayepanga bajeti havimkosi.

Na sasa fedha. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vuli inaingia Oktoba, masika Machi. Fungu la utafiti likiingizwa Disemba, jaribio la vuli limeshapita. Likiingizwa Mei, la masika limepita nalo. Kwenye vitabu mtaona fedha zimetolewa na zimetumika. Kwenye shamba mtafiti amenunua rimu za karatasi na mipira ya gari, kwa sababu mbegu hazingoji. Mwaka mmoja ukikatika katika jaribio la mpunga la misimu minne, huanzi ulipoachia, unaanza upya. Kwa hiyo ninapoomba kasma ya utafiti naomba na tarehe yake: fungu la majaribio ya shambani litoke robo ya kwanza, lote, na lisiguswe kuziba pengo la matumizi mengine. Nasema hili mkilisikia vyema au vibaya, kiasi kidogo kinachofika Agosti kina faida kuliko kikubwa kinachofika Aprili.

Kiasi chenyewe kipimwe kwa ile asilimia 1. Sitegemei ifike mwakani. Nataka isomwe: Waziri asimame pale Chukwani aseme kilimo, mifugo na uvuvi vimeingiza kiasi kadhaa, fedha zetu wenyewe zilizokwenda kwenye utafiti ni kadhaa, za wafadhili ni kadhaa, na kati ya watafiti wetu wenye uzamili na uzamivu wanawake ni kadhaa, wanaoongoza idara ni kadhaa. Mjumbe wa jimbo letu ataweza kuuliza mwaka wa pili kwa nini namba haikusogea. Hivi sasa hana cha kushika.

Sehemu ya fungu hilo, hata robo, iwekwe kando kwa maswali yanayotoka kwa wakulima, na kamati ya kuyachagua iwe na wanawake wakulima wenye kura, si wageni waalikwa. Wapatikane kwa vikundi vyao vya mwani, mpunga na mboga, wasiteuliwe na mtu. Walipwe siku zao, kama anavyolipwa mtaalamu wa kutoka mjini anayekuja kuwasikiliza. Mwanamke wa Cheju anayeacha mpunga wake kuja kukaa kikaoni amepoteza kitu, na maji ya chai si fidia. Tena hakuna mbegu itakayotolewa bila ya kupikwa na kupewa alama na wanaoipika, na alama yao iwe na uzito kama wa mizani.

Najua jibu moja litakalokuja, kwa sababu nimelisikia kwenye korido: Zanzibar ni ndogo, utafiti mkubwa uachiwe Bara na mashirika ya kimataifa, sisi tuchukue majibu. Kwa mahindi labda. Lakini uwanda wetu wa mawe hauko kwenye kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, wala Morogoro hakuna bamvua, yale maji makubwa ya bahari yanayotoka na kujaa mno. Mkarafuu, mwani, na muhogo wa kisiwa chenye chumvi kwenye visima vyake, hayo tusipoyauliza sisi hakuna wa kutuulizia.

Vikundi vyetu viko tayari kuitwa kuzungumza juu ya haya, na tutakuja na maswali yetu yameandikwa. Ombi ni kwamba kikao kiwekwe siku za maji mafu. Kikiwekwa bamvua, mtazikuta nyumba zimefungwa na sisi sote tuko majini.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Bibi shamba mstaafu na mkulima wa mwani,
Micheweni, Pemba.